Kipindi cha historia: Shamba la familia, Rumonge na ufuko wa Tanganyika

Wewe unayesoma karatasi hii baada ya redio kunyamaza, labda uko kwenye foleni ya mgao au umekaa kivulini unangoja zamu ya maji. Tunachapisha maandishi ya kipindi kwa sababu betri huisha, na kwa sababu wako wanaopenda kurudia jambo polepole au kumsomea mzee asiyeona vizuri.

Leo tunazungumzia shamba. Hatutasema jinsi ya kuchimba mashimo wala kuchanganya mbolea. Hayo yana kipindi chake. Tunataka kujua familia inafikaje mahali pa kula kilichotoka mkononi mwake, ikiwa na nyumba yake, miti yake, kuku wake, na mpaka ambao jirani anautambua. Na familia hiyo ikiondolewa, inaanzaje tena? Hadithi hii ni ndefu, na ufuko wa Rumonge unaieleza kuliko sehemu nyingi za Burundi, kwa sababu pale watu wamepanda, wakakimbia, wakapanda kwingine, wakarudi, na wakakuta wengine wamepanda mahali pao.

Kwa asiyefika Rumonge: mji uko kusini mwa Bujumbura, mwendo wa kilomita sabini na kitu kwa barabara inayofuata ziwa hadi Nyanza-Lac. Upande mmoja maji, upande mwingine milima inapanda ghafla. Katikati kuna ukanda mwembamba wa ardhi tambarare, ndio Imbo. Ziwa lenyewe liko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo Imbo ni joto wakati watu wa milimani wanavaa makoti. Joto hilo ndilo linaloufaa mchikichi. Muhogo unastawi, ndizi zinastawi, mpunga unaota kwenye mabonde yenye maji, na usiku taa za wavuvi wa ndagala zinaonekana ziwani. Mtu aliyelelewa pale hahitaji kuambiwa kwamba ugali wa muhogo, ndagala na mawese ni chakula kamili.

Kiswahili pia ni cha pale. Kilikuja na wafanyabiashara waliovuka kutoka Ujiji katika karne ya 19, na kikabaki sokoni, misikitini na kwenye mitumbwi. Wengi wanafikiri Kiswahili cha Burundi kimerudi na wakimbizi kutoka Tanzania. Sehemu ni kweli, lakini mababu wa Rumonge walikuwa wakikisema zamani.

Ardhi ile haikuwa na watu wengi wakati wote. Mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa wa malale uliushambulia ufuko. Watu walikufa, na utawala wa Wajerumani, kisha wa Wabelgiji, ukahamisha wengine mbali na maji ambako mbung'o walikuwa wengi. Baadaye, ugonjwa ulipodhibitiwa, ukanda ulijazwa tena: wenyeji waliorudi, watu walioshuka kutoka milimani kutafuta nafasi, wavuvi na wachuuzi kutoka ng'ambo, yaani Kongo. Nalitaja hili mapema kwa sababu kila mtu leo huanza kuhesabu historia ya shamba lake siku babu yake alipofika. Babu wa mwingine naye alikuwa amefika kabla, au alikuwa amehamishwa.

Mji wa familia, yaani rugo, ulikuwa na utaratibu wake. Ardhi ya ukoo iliitwa itongo. Baba aliwagawia wana wa kiume; binti aliolewa akalima kwa mumewe, na akiachika au akifiwa alitegemea huruma ya kaka zake. Mpaka ulikuwa ua wa minyaa, ambayo kwa Kirundi ni umuyenzi, au mti mkubwa, au kijito. Hapakuwa na karatasi. Karatasi walikuwa majirani, pamoja na wazee bashingantahe waliokalishwa kusikiliza ugomvi na waliokumbuka nani alipanda nini na mwaka gani wa njaa. Mpango huo ulifanya kazi vizuri sana, kwa sharti moja: majirani na wazee wabaki hai na wabaki palepale.

Mwaka 1972 sharti hilo lilivunjika.

Tarehe 29 Aprili 1972 uasi ulianza kusini, Rumonge na Nyanza-Lac zikiwa kati ya sehemu za kwanza kushambuliwa. Waasi waliua watu wengi, hasa Watutsi: watumishi wa serikali, na familia nzima majumbani mwao. Kisha jeshi la serikali ya Michel Micombero likajibu, na jibu lile halikuishia kwa waasi. Kwa wiki na miezi iliyofuata Wahutu walikamatwa nchi nzima, kwanza wenye elimu: walimu, wauguzi, makarani, wanafunzi, wachungaji, wafanyabiashara. Makadirio mengi ya waliouawa yako kati ya watu 100,000 na 300,000. Ufukoni, familia zilizoweza kupata mtumbwi zilivuka usiku. Nyingine zilifuata miguu hadi Kigoma. Zaidi ya watu laki moja waliondoka Burundi.

Msikilizaji, najua baadhi yenu mna jina la mtu katika habari hii. Hatutaiendeleza zaidi ya hapo leo. Turudi kwenye jembe.

Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Serikali ya Tanzania wakati wa Mwalimu Nyerere ilifanya karibu hivyo kwa maana halisi. Wakimbizi hawakuwekwa kwenye kambi za kungoja. Walipelekwa kwenye makazi ndani ya misitu ya miombo: Ulyankulu, mkoani Tabora, mwaka 1972; Katumba, upande wa Mpanda, mwaka 1973; na Mishamo, kaskazini zaidi, mwishoni mwa miaka ya 1970. Ulyankulu ilijaa kuliko maji yake, na maelfu ya watu wakahamishiwa Mishamo. Wasimamizi walikuwa watatu: serikali, UNHCR, na shirika la kanisa lililojulikana kwa herufi zake, TCRS.

Mishamo ilipangwa vijiji 16, na familia ilipewa hekta 5. Hekta tano! Kwa mtu aliyetoka nchi ambako leo familia nyingi zinalima chini ya hekta moja, hiyo ni nchi ndogo. Lakini usiione kwenye ramani tu. Ione kama walivyoiona wao siku waliposhushwa kwenye lori: miti, majani marefu, mbung'o, nyuki, na sauti za wanyama usiku. Walipewa panga, shoka, jembe, mbegu, na mgao wa chakula wa kuwavusha hadi mavuno. Mwaka wa kwanza ulikuwa wa kukata na kuchoma. Wenye familia kubwa walifyeka haraka; mama mjane mwenye watoto wadogo alibaki nyuma, isipokuwa majirani walipomjia kwa zamu. Mahindi na maharage yalipandwa kwa sababu yanakomaa ndani ya miezi. Muhogo ulipandwa kwa sababu unangoja: unaweza kuuacha ardhini hadi siku ya shida. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya miti na nyasi, na ya matofali ilikuja baada ya misimu kadhaa.

Hapa nataka ukae kidogo, kwa sababu kosa la wengi wanaposimulia makazi yale ni kuruka miaka ya katikati. Husema walipewa ardhi, wakajitegemea. Hapana. Kati ya ardhi na kujitegemea kulikuwa na mgao uliopunguzwa hatua kwa hatua kadiri mavuno yalivyoongezeka, na kulikuwa na barabara, visima, shule na zahanati vilivyojengwa kwa fedha nyingi za nje. Kulikuwa na ghala la kuuzia mazao, na tumbaku iliyoleta pesa taslimu, kwa sababu chumvi, sabuni na daftari havioti. Na kulikuwa na muda. Kufikia mwaka 1985 makazi yote matatu yalihesabiwa kuwa yanajilisha, na UNHCR ikakabidhi usimamizi kwa serikali ya Tanzania. Ulyankulu ilikuwa imetimiza miaka kumi na mitatu. Baadaye maeneo hayo yalilisha na miji iliyo karibu.

Jambo moja tu halikuota katika shamba lile: uhakika. Kutoka nje ya makazi kulihitaji kibali. Ardhi ilikuwa ya kulima, haikuwa yako. Baba alipanda maembe akijua hajui nani atakula. Na jioni, watoto waliozaliwa Mishamo walisimuliwa mlima, kijito na mchikichi wa Rumonge ambao hawakuwahi kuuona.

Sasa tuvuke ziwa tena. Mchikichi huo ulikuwa wapi?

Ardhi iliyoachwa haikai bure. Baada ya 1972 maofisa waligawa mashamba ya waliokimbia au waliouawa. Wengine waliopata walikuwa na vyeo. Lakini wengi walikuwa wakulima wa kawaida walioshushwa kutoka milima ya Bururi na kwingine, wakaambiwa hapa pako wazi, limeni. Walilima. Walizaa watoto, wakazika wazazi wao pale. Kisha ukaja mpango wa serikali wa michikichi bora, Rumonge ikiwa kitovu chake. Mashamba yalipimwa upya kwa mistari iliyonyooka, miche ikapandwa kwa safu, na minyaa mingi ya mpaka ikang'olewa. Kwa mwenye shamba wa zamani, hilo lilikuwa sawa na kuchoma daftari.

Wengine mtaniuliza kwa nini mti huu una uzito wote huo. Sikiliza kazi yake. Mche wa mchikichi bora huanza kuzaa baada ya miaka mitatu au minne, kisha unazaa mwaka hadi mwaka kwa miaka ishirini na zaidi. Anayeupanda anafunga miaka yake mwenyewe ardhini. Mikungu inakatwa, ngazi zinaachwa siku chache zilegee, zinapukutwa, zinachemshwa ndani ya pipa, zinakamuliwa, na mafuta yanachemshwa tena hadi maji yaishe. Nyuzi zinawasha moto, mise inatoa mafuta ya sabuni, makuti yanatoa fagio. Wakati mti ungali mdogo, katikati ya safu unalima muhogo na maharage. Familia yenye michikichi na mtu mmoja ziwani ilikuwa na ada ya shule, na hilo ndilo hasa linalogombaniwa ndani ya neno “ardhi”.

Kidokezo kidogo kwa atakayepanda siku moja, kwani wengi hudanganyika hapa. Mchikichi bora, wenye kokwa jembamba na nyama nyingi, ni mchanganyiko wa aina mbili. Ukiokota mbegu chini yake na kuziotesha, karibu nusu tu ndizo zitafanana na mama yao. Robo zitarudi kwenye kokwa nene la zamani, na robo nyingine mara nyingi hazizai kitu cha maana. Utajua baada ya miaka minne, umechelewa. Mche unatafutwa kwenye kitalu kinachojua mbegu zake zilikotoka.

Serikali zilijaribu kulitatua jambo hili mara nyingi. Mwaka 1977, wakati wa Bagaza, iliundwa tume ya kurudisha haki za waliokimbia. Mwaka huohuo ubugererwa, ule mtindo wa mtu kulima kwa hisani ya bwana shamba, ulifutwa na sheria. Baadhi ya wakimbizi walirudi Rumonge, na wengine waliambiwa wagawane na waliowakuta. Kisha sheria ya ardhi ya mwaka 1986 ikaweka kifungu ambacho kila mkimbizi anapaswa kukijua: aliyekaa juu ya ardhi miaka 30 bila kupingwa aliweza kuhesabiwa mwenyewe, na miaka 15 ilitosha ikiwa aliipata kwa nia njema. Hesabu mwenyewe. Aliyekimbia 1972, miaka yake 30 ilitimia 2002, na yeye hakuwa ameruhusiwa hata kukanyaga pale apinge.

Mkataba wa Arusha wa Agosti 2000 ulisema kinyume: mkimbizi anayerudi arudishiwe mali yake, hasa ardhi, na isipowezekana alipwe fidia ya haki. Mwaka 2006 ikaundwa tume ya kitaifa ya ardhi na mali nyingine, CNTB. Mwanzoni, chini ya Padri Astère Kana, tume ilipendelea kugawana: aliyerudi achukue sehemu, aliyekuwepo abaki na sehemu. Kuanzia 2011, chini ya Monsinyori Sérapion Bambonanire, ilielekea kumrudishia mwenye awali shamba zima, hata mahali ambapo watu walikuwa wamekwisha kugawana na kutia sahihi. Rumonge na Makamba zilikuwa mstari wa mbele wa mabishano hayo.

Nitasema ninachofikiri, nawe una haki ya kukataa. Aliyekimbia ana haki, na haki haizeeki kwa sababu alikuwa uhamishoni. Lakini yule mkulima aliyeshushwa kutoka Bururi mwaka 1974 akaambiwa lima, mwenye karatasi ya mtawala mkononi, hakumwibia mtu kwa mkono wake. Aliyewadanganya wote wawili alikuwa na kalamu, na fidia iliyotajwa Arusha ndiyo iliyopaswa kubeba gharama. Kwa wengi haikufika. Ndiyo maana familia mbili maskini ziliachwa zikitazamana juu ya safu kadhaa za michikichi. Kuna mahali zilipigana. Kuna mahali pia, na hili halitangazwi sana, zilikaa na bashingantahe zikagawana mavuno kwa miaka kadhaa kabla ya kugawana ardhi, na zinaishi hadi leo.

Mwaka 2007 wakimbizi wa 1972 waliokuwa bado kwenye makazi yale matatu waliandikishwa, wakawa kama 218,000. Waliulizwa: kubaki au kurudi? Takriban wanne kati ya watano walichagua uraia wa Tanzania. Zaidi ya watu 50,000 walirudi Burundi mwaka 2008 na 2009. Waliobaki walingoja: uraia ulitangazwa mwaka 2010 kwa watu 162,000 hivi, lakini kwanza waliambiwa wangehamia mikoa mingine, na vyeti vilianza kutolewa Oktoba 2014. Kwa miaka hiyo minne, nani angepanda mwembe mpya?

Waliorudi walikutana na mambo tofauti. Aliyekuwa na ndugu kwenye itongo alipokewa, ingawa palikuwa padogo. Asiyejua hata kilima cha baba yake alipelekwa kwenye vijiji vipya vilivyojengwa kwa ajili ya watu wasio na ardhi, kama Mutambara hapo Rumonge, ambako waliorudi na wengine wasio na shamba waliwekwa pamoja. Nyumba zilikuwepo. Bati lilikuwepo. Lakini mkulima aliyezoea hekta kadhaa Katumba alipewa nyumba kwenye kiwanja, na shamba la kulisha watu wanane likawa swali. Wengine walifanya vibarua kwenye michikichi ya watu, au wakaenda ziwani. Nyumba bila shamba ni bweni tu. Samahani kwa waliozijenga, lakini waliokaa humo walisema hivyo kwa miguu yao, wakaondoka kutafuta kazi.

Kisha ikaja 2015. Wengi wenu mlipita Kagunga, kijiji kile kidogo cha wavuvi chini ya mlima, mkalala ufukoni maelfu kwa maelfu, kipindupindu kikiwa katikati yenu, hadi meli kongwe ya Liemba ikaja kuwabeba kuelekea Kigoma. Kati yenu walikuwepo waliozaliwa Mishamo, wakarudi 2008, wakakimbia tena. Kambi za leo si makazi ya 1972. Hakuna hekta tano, na kutoka nje ya mipaka ya kambi kuna masharti. Lengalenga ndani ya gunia nyuma ya hema ni kitu kizuri, na tumewahi kulisifu hapa, lakini tusiliite kujitegemea.

Kinachoweza kufanyika mkiwa hapo ni kidogo, na ni cha maana: daftari. Andika jina la kilima, jina la kijito, majina ya majirani wanne wa pande nne, aliyekuwa nyumba kumi wakati ule, mti mkubwa uliokuwa mpakani. Andika mwaka mlioingia na mwaka mliotoka. Karatasi yoyote ya wilaya, mahakama au tume, ipige picha, umpe na ndugu aliye kwingine. Burundi sasa wilaya nyingi zina ofisi inayotoa cheti cha ardhi. Haitoi kwa simulizi tu, inaita majirani kushuhudia uwanjani. Na majina ya kiutawala yamebadilika: Rumonge ilifanywa mkoa mwaka 2015, na tangu 2025 iko ndani ya mkoa wa Burunga. Andika jina la zamani na jipya.

Mama, hili ni lako zaidi. Burundi haijawa na sheria ya urithi inayompa binti sehemu sawa kwenye ardhi ya ukoo. Mila ndiyo inayoamua. Mjane aliyefunga ndoa bila kuandikisha husukumwa kirahisi na shemeji zake. Kama mume yuko hai na mko pamoja, ndoa yenu na watoto wenu viandikishwe sasa, mkiwa hapo kambini, wala msingoje kufika nyumbani.

Jambo la mwisho linatoka ziwani lenyewe. Tangu 2020 maji ya Tanganyika yamepanda, na Rumonge nyumba, maduka na mashamba karibu na ufuko yameingiliwa na maji. Mwaka 2024 hali ilikuwa mbaya zaidi. Kwa hiyo yuko mtu ambaye tume ilimrudishia shamba la baba yake, mpaka ukapimwa, jirani akakubali, na leo sehemu ya safu ya mwisho ya michikichi imesimama ndani ya maji. Ukiongea na ndugu waliobaki ufukoni, waulize maji yamefika wapi kwenye shamba lenu, na uiandike tarehe.

Wiki ijayo saa hizi tutakuwa na afisa wa masuala ya ndoa na vyeti vya kuzaliwa, kujibu maswali yenu. Yaandikeni, mtieni kijana anayekusanya barua kwenye kituo cha jamii.